Ahadi ya Pensheni: Mzee wa Kasulu na Kibondo Aipime Vipi?

Msimu wa kampeni ukifika, vyama vinavyojinadi kuwa sauti ya wanyonge huwa na neno lao kwa wazee: tupeni kura, tutawalipa pensheni. Wapo wasomi wa mjini wanaolibeza neno hilo. Wanasema ni hongo ya mchana kweupe, na kwamba mzee anayepiga kura kwa ajili ya pensheni ameuza haki yake. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa masuala ya hifadhi ya jamii, na sikubaliani nao. Mzee ana haki kamili ya kuiweka pensheni kwenye mizani anapochagua. Asichotakiwa kufanya ni kuipokea ahadi kabla ya kuipima, na ahadi ya pensheni ina vipimo vyake.

Nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, ziliko Kasulu na Kibondo, ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu huku wazee wengi hawajawahi kuwa na mwajiri wa kuwakatia mchango wowote. Enzi za ukoloni Waha, wenyeji wa huku, walichukuliwa kwa mikataba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Ndio walioitwa manamba. Walirudi na fedha ya kodi na nguo, bila akiba ya uzeeni. Waliobaki nyumbani wamelima maharage, mahindi, mihogo na migomba, na upande wa Manyovu kahawa. Kitabu cha pensheni ni cha mwalimu, muuguzi na karani wa halmashauri. Kwa hiyo mwanasiasa anapotaja pensheni uwanjani Kasulu, swali la kwanza la kumuuliza ni hili: pensheni ya nani?

Yapo mambo mawili hapo, na majukwaani huchanganywa kila mara. La kwanza ni mafao ya wastaafu waliochangia mifuko ya PSSSF na NSSF. Vita vyake ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao hayo. La pili ni pensheni jamii, yaani fedha anayolipwa mzee kwa sababu tu amefikia umri fulani, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Mgombea anayeahidi "kurudisha kikokotoo cha zamani" hajamwahidi chochote bibi anayelima maharage Mabamba.

Tuanze na kikokotoo, maana hesabu yake inafundisha. Mchukue mwalimu aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara wa Sh 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya mifuko ya PSPF na LAPF, tukiirahisisha, pensheni yake ya mwaka ingekuwa Sh 8,000,000. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5 na kulipwa kwa mkupuo: Sh milioni 62. Iliyobaki ikawa pensheni ya takriban Sh 333,000 kila mwezi. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, wakati Wizara ya Kazi ikiwa chini ya Profesa Joyce Ndalichako, wakati huo mbunge wa Kasulu Mjini, mkupuo ulikuwa asilimia 33 na kizidisho 12.5, na pensheni ya mwaka yenyewe ilipunguzwa kidogo. Mwalimu huyo angepata mkupuo wa takriban Sh milioni 30.7 na pensheni ya Sh 416,000 kwa mwezi. Bajeti ya Juni 2024 ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye kundi la asilimia 50. Hapo anapata kama Sh milioni 37.2, lakini pensheni ya mwezi inashuka hadi takriban Sh 372,000.

Ziangalie namba hizo tena. Kutoka kanuni ya zamani hadi ya 2022, mstaafu alipoteza Sh milioni 31 za mkupuo na kuongezewa Sh 83,000 tu kwa mwezi. Aliyelalamika alikuwa na haki. Lakini kutoka asilimia 33 kwenda 40, ziada ya mkupuo inalingana na miaka 12 na nusu ya kile kilichopunguzwa kila mwezi. Mstaafu wa miaka 60 akivuka miaka 72 na nusu, anaanza kupoteza. Wanasiasa wa pande zote huhesabu mkupuo jukwaani kwa sababu ndio unaoshangiliwa. Mzee anaishi kwa pensheni ya mwezi.

Liko fundisho jingine kuhusu nguvu ya tamko. Desemba 28, 2018, baada ya kelele za wafanyakazi juu ya kanuni mpya iliyotaka mkupuo wa asilimia 25, Rais John Magufuli aliisimamisha na kuagiza zitumike kanuni za zamani hadi 2023. Wastaafu walishangilia. Tamko hilo lilikuwa la mpito, na kabla 2023 haijafika kanuni ya asilimia 33 ikawa imeanza. Sababu ya msingi ya kupunguza mkupuo haikuwa ukatili wa mtu yeyote. Watumishi wa umma hawakuwa wakichangia pensheni kabla ya Julai 1999, na Serikali iliahidi kubeba mafao ya miaka hiyo. Deni likarundikana ndani ya PSPF, mfuko wao, mpaka ukayumba. Baada ya mifuko kuunganishwa kuwa PSSSF Agosti 2018, Serikali ililazimika kutoa hatifungani maalumu ya Sh trilioni 2.17 kulipunguza. Ahadi iliyotolewa bila fedha kutengwa iliwaangukia walimu na wauguzi waliostaafu miaka 20 baadaye.

Sasa pensheni jamii, ambayo ndiyo inayomhusu mkulima. Wanaosema haiwezekani watazame ng'ambo ya bahari. Aprili 2016 Zanzibar, chini ya Rais Ali Mohamed Shein, ilianza kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi Sh 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya Serikali yenyewe. Mwaka 2023, chini ya Rais Hussein Mwinyi, kima kikapanda hadi Sh 50,000. Jirani zetu nao wamejaribu. Kenya, kupitia Inua Jamii, inamlipa mzee wa miaka 70 KSh 2,000 kwa mwezi, ingawa malipo yamekuwa yakichelewa miezi kadhaa. Uganda, kupitia mpango wa SAGE, inatoa USh 25,000 kwa mwezi, na ilipoueneza nchi nzima ikaweka umri wa kuanzia kuwa miaka 80.

Na karibu zaidi na Kibondo, huko Nshamba wilayani Muleba, mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa bibi waliokuwa wakilea wajukuu yatima kiasi kidogo cha fedha kila mwezi. Fedha ile ilikwenda kwenye chakula, chumvi, sabuni na mahitaji ya shule ya wajukuu. Pensheni ya mzee kijijini hailiwi na mzee peke yake.

Je, Bara inaweza? Sensa ya 2022 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi takriban milioni 3.5 nchi nzima. Ukimlipa kila mmoja Sh 20,000 kwa mwezi, unahitaji kama Sh bilioni 840 kwa mwaka. Ukilipa Sh 50,000 kama Zanzibar, unahitaji Sh trilioni 2.1. Bajeti ya mwaka 2025/26 ilikuwa Sh trilioni 56.49. Yaani Sh 20,000 ni takriban asilimia 1.5 ya bajeti hiyo yote, na Sh 50,000 inakaribia asilimia 4. Ukianzia miaka 70, gharama inashuka sana. Si fedha ndogo, lakini si ndoto. Ni uamuzi, na uamuzi una kitu kinachopunguziwa. Chama kisichotaja kitakachopunguziwa hakijamaliza kuahidi.

Baadhi watajibu kwamba TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ipo. Ipo, na mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza 2012 umesaidia kaya nyingi za Kigoma. Lakini TASAF huchagua kaya maskini na kuacha nyingine. Mzee anaweza kuachwa kwa sababu mwanawe ana bati na baiskeli, hata kama mwanawe huyo hampi kitu. Pensheni jamii haihitaji mtu wa kuamua nani ni maskini. Inauliza umri tu.

Na hapo kwenye umri ndipo Kigoma ina ugumu wake. Mzee aliyezaliwa kabla ya uhuru mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa. Umri wake unakumbukwa kwa matukio. Kitambulisho cha taifa cha NIDA ndicho kitakachotumika, na malalamiko ya wakazi wa Kigoma kuhusu vitambulisho hivyo yamefika bungeni zaidi ya mara moja. Mkoa uko mpakani, umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi, kambi za Nyarugusu na Nduta zilijengwa huku huku, na Muha anayezungumza lugha inayoelewana na Kirundi hujikuta akihojiwa uraia wake akiwa kwenye kijiji alichozikwa babu yake. Ahadi ya pensheni isiyosema mzee wa Kasulu atathibitishaje umri na uraia inaweza kutekelezwa nchi nzima ikamruka yeye.

Turudi kwenye shutuma ya hongo. Hongo hupewa mtu mmoja, kwa siri, ili atoe kura. Sera humhusu kila aliye na sifa, hata aliyempigia kura mpinzani. Sh 5,000 na kipande cha khanga usiku wa kuamkia uchaguzi ni hongo. Pensheni iliyoandikwa kwenye ilani si hongo. Huko Mexico, Andrés Manuel López Obrador, ambaye wapinzani wake walimwita mwanasiasa wa kujipendekeza kwa wanyonge, alianza kuwalipa wazee wa jiji la Mexico mwaka 2001 akiwa meya. Serikali ya taifa, ya chama kingine, ikaanzisha mpango wake mwaka 2007. Mwaka 2020 haki hiyo ikaingizwa kwenye katiba. Lesotho ilianza Novemba 2004 kwa maloti 150 kwa wazee wa miaka 70. Uchaguzi wa 2007 ukaifanya pensheni kuwa hoja ya kampeni, na kima kikapanda hadi 200. Katika nchi zote mbili, kura za wazee zimesaidia kuilinda pensheni isifutwe.

Lakini kura inailindaje ahadi? Ahadi ina nguvu pale tu ambapo aliyeitoa anajua anaweza kuondolewa. Watu wa nyanda hizi wanalifahamu hilo. Mwaka 2010 walipeleka bungeni wabunge wa chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi: Moses Machali wa Kasulu Mjini, Agripina Zaituni Buyogera wa Kasulu Vijijini na Felix Mkosamali wa Muhambwe, jimbo la Kibondo. Mwaka 2015 majimbo hayo yakarudi CCM. Huyu si mpiga kura wa kufuata mkumbo. Ni mpiga kura wa kuaminiwa kwamba akipewa vipimo atavitumia.

Vipimo vyenyewe ni vitano, na kila mzee anaweza kuviuliza mbele ya mgombea bila kusoma ilani yote. Kwanza, ni pensheni ya wastaafu au ya wazee wote, na itaanzia umri gani? Pili, kiasi gani kwa mwezi, na kitapandishwa kwa kanuni gani bei zinapopanda? Zanzibar kima kilikaa Sh 20,000 kwa miaka saba, na sukari haikusubiri. Tatu, fedha itatoka fungu gani la bajeti? Nne, itakuwa sheria au tamko? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Hadi leo wengi wakifika zahanati huandikiwa dawa na kuambiwa wakanunue dukani, kwa sababu sera haimpi mzee pa kudai. Tano, malipo yatamfikiaje mzee asiye na kitambulisho wala simu, na atalalamika kwa nani yakichelewa?

Mgombea anayejibu matano hayo anastahili kusikilizwa, awe wa chama tawala au upinzani, awe anaitwa mwanasiasa wa wanyonge au wa wakubwa. Anayejibu mawili na kuimba yaliyobaki, ahadi yake isihesabiwe. Na chama kisichotaja wazee kabisa nacho kihukumiwe kwa ukimya wake, kwa sababu kunyamaza pia ni sera.

Ombi langu kwa wazee wa Kasulu na Kibondo, na kwa watoto wao wanaowasomea magazeti, ni hili. Msione haya kuidai pensheni. Mmelilisha taifa kwa jembe la mkono bila likizo wala kiinua mgongo. Msidai maneno. Daini muswada, daini fungu la bajeti, na mbunge akirudi baada ya miaka mitano muulizeni muswada huo ulisomwa lini. Ahadi ni deni, na deni ambalo mdai wake hajaliandika halilipwi.