Ushoga: tuelewe kwanza kabla ya kuhukumu

Ni mambo machache mno yanayowafanya Wakenya wa dini zote, vyama vyote na makabila yote kusema kwa kauli moja. Ushoga ni mojawapo. Padri, imamu, mbunge na mchuuzi wa sokoni, ambao pengine hawaafikiani katika jambo jingine lolote, husimama safu moja wanapoulaani. Mwaka wa 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza hadharani kuwa ni kinyume cha mila za Kiafrika na mafundisho ya Biblia. Mwaka wa 2015 Rais Uhuru Kenyatta, akiwa na mgeni wake Barack Obama jijini Nairobi, alisema hilo si suala linalowashughulisha Wakenya. Miaka kumi na sita ilipita baina ya kauli hizo, na hadi leo hatujaketi tukaulizana: tunacholaani ni kipi hasa?

Makala haya hayakusudii kumtoa mtu katika imani yake. Yanakusudia kutenganisha mambo ambayo tumeyapika katika chungu kimoja, kwani mchanganyiko huo unawaumiza watu.

Tuanze na lugha yenyewe. Magazetini na mitaani twatumia neno moja, ulawiti, kwa mwanamume aliyemnajisi mtoto na kwa watu wazima wawili walioridhiana. Matokeo yake ni kuwa msomaji anapopata habari ya mtu mzima aliyewadhulumu wavulana, hasira zake humwendea jirani ambaye hajamgusa mtoto wa mtu. Anayemwingilia mtoto, awe mvulana au msichana, ni mhalifu, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka wa 2006 imemwekea adhabu kali. Tukiwatia wote kapu moja, tunamsahau pia mjomba anayewaharibu wasichana nyumbani, eti kwa kuwa yeye si shoga.

Jambo la pili ni mila. Aghalabu husemwa kuwa ushoga uliletwa na Wazungu. Lakini ewe msomaji, sikiliza Kiswahili chenyewe. Maneno shoga, basha, hanithi na msagaji hayakuletwa na sinema wala mtandao. Wazee wa pwani waliyarithi kwa wazee wao. Neno shoga hata leo ndilo wanawake wa pwani wanaloitana wanapokuwa marafiki wa kusitiriana. Jamii haimpi jina mtu ambaye haijapata kumwona. Watu hao hawakusifiwa, na mara nyingi walichekwa na kusengenywa. Hata hivyo walijulikana, waliishi mitaani, wakazika na kuzikwa.

Kilichokuja kwa meli ni sheria. Waingereza waliiandikia India kanuni ya adhabu mwaka wa 1860, wakatia ndani yake kifungu cha 377 kuhusu kile walichokiita kitendo kinyume cha maumbile. Kanuni hiyo ndiyo waliyoileta Afrika Mashariki, na maneno yake yakaingia katika sheria ya adhabu ya Kenya ya mwaka wa 1930. Ndiyo maana kifungu cha 162 kinaweza kumfunga mtu hadi miaka 14, na kifungu cha 165 hadi miaka mitano. Uingereza yenyewe ilianza kuiacha sheria ya namna hiyo mwaka wa 1967. Mahakama ya Juu ya India iliifuta kwa watu wazima walioridhiana mnamo Septemba 2018. Msumbiji iliiondoa mwaka wa 2015, na Mahakama Kuu ya Botswana ikaibatilisha mwaka wa 2019. Mahakama Kuu yetu ilikataa kufanya hivyo mnamo Mei 24, 2019. Waama, twalilinda kwa jina la mababu zetu koti ambalo mkoloni mwenyewe amekwisha kulivua.

La tatu ni chanzo. Wapo wazazi wanaoamini kuwa kijana wao amerogwa, amepagawa au ameambukizwa na wenziwe. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga katika orodha ya magonjwa mnamo Mei 17, 1990. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2019, uliohusu karibu watu nusu milioni, haukupata jeni moja inayouamua, bali jeni nyingi zenye mchango mdogo mdogo. Watu wengi wa hali hiyo hujigundua wangali vijana, bila kuichagua. Zamani mtoto aliyeshika kalamu kwa mkono wa kushoto alichapwa ili abadilike. Alijifunza kuuficha mkono, hakujifunza kuwa mwingine.

Wengine hushauri kijana kama huyo aozwe upesi. Je, ni binti ya nani atakayetolewa kuwa dawa? Binti huyo ataishi na mume asiyemtaka, na mume naye atatoka usiku kwa siri. Ugonjwa wowote atakaoupata huko, ataurudisha nyumbani.

Hofu hiyo ina gharama nyingine. Februari 2010 uvumi ulienea Mtwapa kwamba wanaume wawili walikuwa karibu kuoana. Umati ulikivamia kituo cha KEMRI kilichotoa huduma za Ukimwi, na watu wakapigwa kwa kushukiwa tu. Mgonjwa anayeogopa mlango wa kliniki hukaa na maradhi yake, na maradhi hayo huenea kwa wengi wasiohusika.

Kwa bahati njema, mambo yanaanza kubadilika. Mwandishi Binyavanga Wainaina alijitangaza kuwa shoga mnamo Januari 2014, na hadi alipofariki mwaka wa 2019 Wakenya wengi walikuwa wamelazimika kumtazama kama mtu mwenye jina na kipaji. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa iliharamisha kuwapima washukiwa sehemu za siri kwa nguvu. Februari 2023 majaji watatu kwa wawili wa Mahakama ya Juu walisema kuwa watu hawa, kama raia wengine, wana haki ya kusajili chama chao.

Hakuna anayemlazimisha muumini kuita halali kile anachokiamini kuwa haramu. Lakini kuamini kuwa jambo ni dhambi hakumpi mtu ruhusa ya kurusha jiwe, kumfukuza mpangaji, kumtoza jirani fedha kwa vitisho au kumnyima mgonjwa dawa. Wahenga walinena: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mzazi anayeshangilia umati unaomkimbiza mtoto wa mwenziwe hajui ni siku gani wake atamjia usiku, mlango ukiwa umefungwa, na neno moja zito la kumwambia. Heri awe amekwisha kuamua mapema kwamba atamfungulia.