Je, Lugha ya Programu Inaweza Kulinda Pesa Zako?

Uko stejini Kitengela, umemtumia mama kule Kajiado 3,000 anunue chakula cha ng'ombe. Netiwaki inakwama. Hakuna meseji. Utume tena ama utulie? Ukirudia, huenda mama akapata 6,000 na wewe ukakosa nauli.

Wateja wengine hutuuliza: si mtumie tu lugha ya programu isiyokosea? Ni swali zuri, na hata wahandisi hubishana juu yake.

Chukua Ada, lugha iliyoundwa ili makosa yakamatwe mapema. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka kabla ya kumaliza dakika moja angani. Programu yake ilikuwa ya Ada. Sehemu iliyoleta shida ilichukuliwa kutoka Ariane 4 bila kupimwa kwa safari mpya, na nambari kubwa ikaingizwa kwenye nafasi ndogo.

Karibu na nyumbani, tunakumbuka 10 Machi 2019. Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines ikija Nairobi ilianguka dakika sita tu baada ya kuondoka Addis Ababa. Watu 157 walifariki, wakiwemo Wakenya wengi. Programu iliyosukuma pua ya ndege chini ilifanya ilivyoagizwa. Shida ni kwamba ilisikiliza kihisi kimoja tu, na kihisi hicho kilidanganya.

Kwa hivyo lugha nzuri husaidia, lakini haitoshi. Mpangilio ndio hulinda. Kwetu sisi, kwanza, tunahesabu kwa senti kamili bila desimali. Katika lugha nyingi, ukijumlisha 0.1 na 0.2 kompyuta inakupa 0.30000000000000004! Pili, kila muamala una nambari yake. Ombi moja likitufikia mara mbili kwa sababu ya netiwaki, tunalipa mara moja.

Lakini wewe ukianza kutuma upya, hilo ni ombi jipya lenye nambari mpya. Mfumo hauwezi kujua kama umerudia kwa wasiwasi ama mama ameomba ingine.

Basi meseji ikichelewa:

- Usitume tena papo hapo.
- Angalia salio na orodha ya miamala yako.
- Bado huelewi? Tupigie kwanza.

Mama anaweza kungoja dakika chache. Kurudisha pesa iliyotumwa mara mbili huchukua muda zaidi.