Usipoziba Ufa: Kiokoe Kitabu cha Mchezo Kabla Hakijasambaratika

Weka chini hiyo seloteipu, ewe mzazi! Yaliyokufika tunayajua. Ni Jumamosi jioni, vijana wameizunguka meza ya chakula, dadu zinagongana, vicheko vimejaa nyumba. Mara kimya. Mmoja wao ameinua kitabu kwa kukishika jalada, na karatasi tatu zimeporomoka hadi sakafuni. Kitabu chenyewe kililetwa na mjomba kutoka ng'ambo, na kingine hakitapatikana kesho wala kesho kutwa. Ndipo ukakimbilia kabatini.

Subiri kidogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuna kuuziba ufa na kuna kuupanua, na seloteipu huupanua.

KITABU NDICHO UBAO

Ikiwa hujauona mchezo huu, hebu tukueleze kwa ufupi. Ni mchezo wa kuigiza mezani. Mmoja wa wachezaji huwa msimulizi. Wengine hujichagulia wahusika, huyu shujaa wa upanga, yule mchawi, kisha wote hutunga kisa pamoja kwa kuzungumza. Dadu, zikiwemo za pande 20, ndizo huamua iwapo pigo limempata adui au limekwenda na upepo. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kutolewa mwaka wa 1974. Mnamo 2016 uliingizwa katika orodha ya heshima ya vitu vya kuchezea inayotunzwa na jumba la makumbusho la The Strong, mjini Rochester, jimbo la New York.

Ukicheza drafti una ubao. Hapa ubao hakuna; kitabu ndicho ubao. Riwaya husomwa ikarudi rafuni. Kitabu cha mchezo hufunguliwa tena na tena jioni moja, aghalabu kwenye majedwali yale yale, hupitishwa mkono hadi mkono, na hulazwa wazi kando ya sahani ya viazi na chupa ya soda. Isitoshe, vingi vya siku hizi vina karatasi nzito za kung'aa, ambazo huuvuta mgongo wa kitabu kila kinaposimamishwa.

KWANZA, MCHUNGUZE MGONJWA

Daktari hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Tazama mgongo wa kitabu chako kutoka juu. Ukiona karatasi zimekunjwa vifungu vifungu, kitabu kimeshonwa kwa uzi. Ukiona karatasi moja moja zimeshikana kwa gundi tu, basi ujue gundi ikikauka na kupasuka, karatasi zitachomoka.

Dungeons & Dragons umejaribu karibu kila njia ya kufunga kitabu. Toleo la 1974 lilikuwa na vijitabu vitatu vilivyobanwa kwa pini ndani ya kisanduku. Monster Manual ya 1977 na Players Handbook ya 1978 zilikuwa na majalada magumu, na wachezaji husifu uimara wake hadi leo. Unearthed Arcana ya 1985, kinyume chake, ilipata jina baya kwa kumwaga kurasa zake. Mwaka wa 1989 wachapishaji walitoa maelezo ya mazimwi katika karatasi zilizotobolewa matundu za kutiwa kwenye faili. Matundu yakararuka kwa kufunguliwa mno, na kufikia 1993 mazimwi yakarudishwa kwenye kitabu cha kawaida.

Kila ugonjwa una tiba yake.

KARATASI ILIYOCHOMOKA

Tafuta gundi nyeupe ya maji. Ile wanayotumia wafunga vitabu ndiyo bora, kwa sababu hubaki laini ikikauka. Ilaze karatasi mezani, uifunike kwa karatasi chakavu na kuacha ukingo wa ndani tu, upana wa milimita 3 hivi. Pitisha brashi yenye gundi kidogo juu ya ukingo huo. Irudishe karatasi mahali pake, uisukume hadi ndani kabisa, na uhakikishe kingo zimelingana na za jirani zake. Tia kipande cha nailoni kila upande ili zisigandane na nyingine, ufunge kitabu, ukilalie kwa kitu kizito usiku kucha. Tofali lililofungwa kwa gazeti latosha.

JALADA LINALOLEGEA

Huu ni ugonjwa wa vitabu vya jalada gumu. Chukua sindano ndefu ya kufumia sweta, uipake gundi. Simamisha kitabu, fungua jalada kidogo, uipenyeze sindano kwenye uwazi ulioko baina ya jalada na kurasa, pale karibu na mgongo. Izungushe ili gundi ienee, kisha uichomoe. Geuza kitabu, urudie upande wa pili. Futa gundi iliyozidi, tia nailoni ndani ya jalada, ufunge, ubonyeze mfereji wa jalada kwa mgongo wa kijiko, ukilalie kwa uzito hadi asubuhi. Kazi ya dakika kumi hukuepusha na gharama ya jalada jipya.

KIJITABU CHA PINI NA KARATASI ZA FAILI

Pini zikishika kutu, zikunjue polepole na kuzitoa. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, upitishe uzi wa kitani, ufunge fundo katikati. Karatasi za faili zibandike viduara vya kuimarisha matundu, vinavyouzwa madukani mwa vifaa vya ofisi.

KURASA ZILIZOPASUKA

Wataalamu wa maktaba hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani, iliyotengenezwa kwa nyuzi ndefu za mti uitwao kozo, pamoja na uji mzito wa wanga wa ngano. Kanuni yao ni hii: kiraka kisiwe na nguvu kuliko nguo. Kiraka dhaifu kikishindwa, hung'oka chenyewe na ukurasa ukabaki salama.

Seloteipu huivunja kanuni hiyo. Plastiki yake ni ngumu kuliko karatasi, hivyo ukurasa hupasuka upya kandokando yake. Gundi yake nayo huzama, hugeuka rangi ya manjano, na miaka ikipita plastiki hubanduka na kuacha doa lisilotoka. Gundi zile zinazoshika papo hapo pia ziepuke, kwani hukauka zikawa kama kioo, na kitabu ni kitu cha kukunjwa.

SODA IKIMWAGIKA

Hapa usichelewe. Karatasi za kung'aa zikilowa na kukauka zikiwa zimebanana, hugandana zikawa kama ubao, na hazitaachana tena. Zitenganishe zingali mbichi, utie karatasi ya kufyonza maji kati yake, uzikaushe kivulini kwenye upepo. Jua kali hupinda jalada. Ikiwa kitabu kizima kimelowa na muda huna, kifunge kwa nailoni ukitie kwenye friza. Baridi huzuia ukungu mpaka utakapopata nafasi au fundi.

KINGA

Kitabu kipya usikivunje mgongo. Kisimamishe kwa mgongo mezani, laza jalada moja, kisha la pili, halafu fungua karatasi chache chache, mara mbele, mara nyuma, hadi ufike katikati. Vitabu vinene vilaze rafuni, au uvisimamishe vikiegemeana wima. Majedwali yanayotumika sana, kila mchezaji ayanakili kwenye daftari lake. Kitabu kitapumua.

Una nakala ya miaka ya sabini? Usiiguse. Itie kisandukuni na umtafute fundi, kwani mkono usiozoea hupunguza thamani yake.

Na kwa zile nyingine, usihangaike kukirudishia kitabu ujana. Doa la chai na pembe zilizochakaa hazimzuii mtu kucheza. Ukikuta maandishi ya penseli pembeni, jina la shujaa aliyefia pangoni au hesabu iliyoandikwa na rafiki ambaye sasa yuko mbali, kifutio kiweke kando. Kitabu kinaweza kununuliwa tena siku moja. Mwandiko ule hauuzwi.

Kwa hiyo mzazi, waite vijana wale waliokibomoa, uwape brashi na gundi. Waanze na kamusi ya shule iliyochoka au daftari la zamani, ili makosa wayafanye huko. Mkono ukizoea, ndipo warudi kwa kitabu cha mjomba. Jumamosi ijayo meza itakuwa na mchezo, na kila karatasi itakuwa mahali pake.