Je, Wajua? Vita Huamuliwa na Gunia la Unga

Je, wajua kwamba kabla Waitalia hawajashindwa vibaya kule Adwa, Malkia Taytu Betul wa Ethiopia alikuwa ameshawatoa kwenye ngome yao ya Mekelle bila kubomoa ukuta? Ilikuwa mwishoni mwa 1895. Askari kama 1,300 wa jeshi la Italia, wengi wao Waeritrea, walikuwa wamejifungia ndani. Kuta zilikuwa imara, mizinga ilikuwepo, na Waethiopia waliojaribu kuzipanda waliuawa wengi. Kasoro ilikuwa moja tu: chemchemi walizochota maji zilikuwa nje ya ngome. Taytu akapeleka watu wake wakazikalia. Ndani ya ngome maji yakaanza kugawiwa kwa kipimo, kipimo kikapunguzwa, kikapunguzwa tena. Januari 1896 ngome ikasalimu amri.

Baada ya hapo yakaanza mashindano ya njaa. Mfalme Menelik II alikuwa na watu wapatao 100,000 karibu na Adwa, na hakuna wilaya inayoweza kulisha umati huo kwa muda mrefu. Kufikia mwisho wa Februari alikuwa amebakiza chakula cha siku chache, na ilikuwa lazima ajiandae kurudi nyuma. Upande wa pili, Jenerali Oreste Baratieri naye alikuwa akihesabu magunia yake huku Waziri Mkuu Francesco Crispi akimkemea kutoka Roma kwamba anachelewa. Usiku wa 29 Februari akaamuru vikosi vyake vitoke. Gizani, milimani, vikapotezana, na tarehe 1 Machi 1896 vikapigwa kimoja kimoja. Baratieri angesubiri siku chache tu, huenda asingekuta jeshi la kupigana nalo.

Nimeanza na habari hii kwa sababu shuleni tulikaririshwa majina ya majemadari na tarehe za mapigano, lakini ni nadra kuambiwa nani alichota maji, nani alisaga unga, nani alibeba risasi. Ukifuatilia watu hao, vita vingi vinaonekana upya.

Je, wajua kwamba hata pigano la kale kabisa ambalo tunayo maelezo yake marefu limejaa hesabu za nafaka? Ni lile la Megido, katika nchi ya Kanaani, ambako Farao Thutmose wa Tatu aliwashambulia wafalme walioungana dhidi yake, karibu 1457 KK. Maandishi yaliyochongwa kwenye kuta za hekalu la Karnak yanasimulia alivyopita njia nyembamba ambayo maofisa wake waliiogopa, na jinsi maadui walivyokimbia. Askari wake wangeweza kuuteka mji siku ileile. Badala yake walisimama kupora kambi iliyoachwa wazi, milango ya mji ikafungwa, na Farao akalazimika kuuzingira miezi saba. Katika miezi hiyo jeshi lilivuna mashamba ya watu wa Megido, na makarani wakaandika: zaidi ya magunia 207,000 ya ngano, mbali na kile ambacho askari walijikatia wenyewe. Waliolima ngano hiyo hawakutajwa.

Wamongolia wa karne ya 13 walilitatua tatizo la mizigo kwa namna yao. Kila mpanda farasi alikwenda na farasi kadhaa, akibadilisha njiani. Farasi hao walikula majani ya mbugani, na majike yalitoa maziwa. Ndiyo maana majeshi yao yaliweza kwenda mbali bila msururu mrefu wa mikokoteni, na ndiyo maana pia yalipata taabu kila yalipofika nchi isiyo na malisho.

Na kopo la chakula unalolikuta dukani je? Lina udugu wa damu na vita vya Napoleon. Serikali ya Ufaransa ilitaka njia ya kuhifadhi chakula, na 1810 mpishi Nicolas Appert akalipwa faranga 12,000 baada ya kuonyesha kwamba chakula kilichofungwa barabara ndani ya chupa na kuchemshwa hakiozi kwa miezi mingi. Alijua kwamba inafaa, asijue kwa nini: Louis Pasteur aliyekuja kueleza kazi ya vijidudu alikuwa hata hajazaliwa. Mwaka uleule Peter Durand wa Uingereza akasajili haki ya kutumia makopo ya bati. Kifungulio cha makopo kilichelewa miongo kadhaa, na kwa muda wote huo watu walitumia patasi na nyundo.

Turudi pwani. Je, wajua kwamba mzingiro wa Ngome ya Yesu, Mombasa, uliofanywa na Waomani uliendelea karibu miaka mitatu, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698? Ndani walikuwemo askari wachache wa Kireno pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokimbilia humo na jamaa zao. Njaa ilianza kuua, ugonjwa ukamalizia. Katikati ya 1697 Wareno waliokuwemo walikuwa wamekufa, na ulinzi wa ngome ukabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, ndugu zake wachache, wanaume wengine kidogo na wanawake wapatao 50. Wanawake hao walishika zamu ukutani mpaka meli za msaada zilipofika. Watalii wengi huingia ngome ile na kutoka wakiwa wamesikia habari za Wareno na Waarabu peke yake, na mimi naona hiyo ni dhuluma kwa wanawake wale. Mwaka huohuo meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya ngome. Wataalamu wa mambo ya kale waliichimbua chini ya maji kuanzia 1977, na vitu vyake vimo katika jumba la makumbusho lililo ndani ya ngome. Ngome yenyewe ilipoanguka, 13 Desemba 1698, waliobaki hai walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Siku chache baadaye meli nyingine za msaada zikatokea kutoka Goa, zikaona bendera ya Oman juu ya ukuta, zikageuza.

Lakini pahali ambapo mzigo ulikuwa ndio vita vyenyewe ni hapa kwetu, kati ya 1914 na 1918. Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi yenye reli chache, barabara haba na mbung'o wengi. Jenerali Jan Smuts alikuja 1916 na wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, na farasi wakafa kwa maelfu kwa nagana. Magari yalizama matopeni masika yalipoanza. Kilichobaki kikawa kichwa cha mwanadamu.

Fanya hesabu hii. Mpagazi abebe kilo 25 za unga, naye anahitaji kula kama kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kutoka bohari hadi kwa askari na siku kumi kurudi, kilo 20 atakuwa amezila yeye mwenyewe. Anayepigana anapata kilo tano. Askari mmoja akitaka kula mwezi mzima, wanahitajika wapagazi sita wafanye safari hiyo kwa ajili ya tumbo lake tu, kabla hujagusa risasi, dawa, mahema na waya za simu. Kila hatua jeshi lilipoingia ndani zaidi, kilo tano zile zilipungua. Sasa unaelewa kwa nini upande wa Waingereza peke yake uliandikisha watu wapatao milioni moja, wengi wao kwa nguvu. Walioendesha shughuli hiyo waliitwa Carrier Corps, na jina hilo limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Waliokufa kwa upande huo ni zaidi ya 95,000 kwa hesabu za serikali yenyewe, na risasi iliua wachache kati yao. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Watu waliozoea ndizi au viazi walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka njiani kwa kuni mbichi, na ugali mbichi ukawachana matumbo. Kwa upande wa Wajerumani, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisifiwa sana Ulaya kwa kuwakwepa maadui miaka minne. Sifa hizo zinasahau kwamba jeshi lake liliishi kwa kuchukua nafaka na mifugo ya vijiji na kwa migongo ya wapagazi wake. Majeshi yote mawili yalipita Ugogo yakichukua chakula, ng'ombe na vijana. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa.

Vitu vilivyobebwa katika vita hivyo ni vya ajabu. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam, ikapelekwa Kigoma na kuungwa upya. Kuipinga nguvu ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika, Waingereza nao walileta boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka London kwa bahari hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Kongo, halafu zikavutwa kupita milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Matrekta yalipokosa maji, wanawake wa vijiji vya jirani waliyateka na kuyabeba vichwani ili injini ziendelee kuchemka. Desemba 1915 boti hizo ziliiteka Kingani ya Wajerumani. Wajerumani walipoikimbia Kigoma, Julai 1916, waliizamisha Götzen wenyewe baada ya kupaka mitambo grisi nzito. Ikaopolewa 1924, na tangu 1927 imeitwa Liemba. Vizazi na vizazi vya Kigoma na Kasanga vimesafiri ndani yake.

Hata angani walijaribu. Novemba 1917 puto kubwa la kijeshi la Wajerumani, L59, liliruka kutoka Bulgaria likiwa na tani kama 15 za dawa na risasi kwa ajili ya Lettow-Vorbeck. Likaitwa lirudi likiwa juu ya Sudan. Lilikaa hewani saa 95 bila kutua na halikufikisha hata bandeji moja.

Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa ilibaki serikalini bila kulipwa jamaa zao. Sanamu ya Dar es Salaam iliyozinduliwa 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Ile ya Nairobi angalau ina mpagazi kati ya watu wake watatu, ila hana jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakiitumikia Dola ya Uingereza katika vita hivyo, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Januari 2025 ukumbusho mpya ulizinduliwa Cape Town kwa ajili ya watu 1,772 wa Afrika Kusini waliohudumu bila silaha. Kila mmoja ana nguzo yake ya mti wa mvule, yenye jina lake na tarehe aliyofariki. Mvule unaota Tanzania na Kenya pia, na wapagazi wetu walikuwa wengi mara kadhaa kuliko wale. Nguzo zao ningependa zianze kusimikwa Kariakoo.