Ukomo wa muda wa madai ya uzembe wa kitabibu dhidi ya serikali (Tanzania)

Ukomo wa muda wa madai ya uzembe wa kitabibu dhidi ya serikali ni kipindi kilichowekwa na sheria ambacho mgonjwa aliyeumizwa na huduma mbovu katika hospitali, kituo cha afya au zahanati ya umma anatakiwa awe amefungua kesi ya kudai fidia. Kipindi hicho kikipita, mahakama huitupa kesi bila kuangalia kama mgonjwa aliumizwa kweli.

Nchini Tanzania suala hili linaongozwa hasa na Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 (Sura ya 89) na Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya mwaka 1967 (Sura ya 5).

Muda wa kufungua kesi

Uzembe wa kitabibu ni kosa la madai lisilotokana na mkataba. Kesi za aina hiyo hufunguliwa ndani ya miaka 3, wakati zile za mkataba zina miaka 6. Muda huanza kuhesabiwa siku haki ya kudai ilipozaliwa, yaani kwa kawaida siku madhara yalipotokea.

Jaji analazimika kuitupa kesi iliyochelewa hata kama upande wa serikali haukulitaja suala la muda.

Notisi ya siku 90

Kabla ya kuishtaki serikali, mdai hutoa notisi ya maandishi ya siku 90 kwa taasisi inayohusika, akieleza msingi wa madai yake, na nakala humfikia Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yaliziweka halmashauri katika utaratibu huo wa siku 90. Awali notisi yao ilikuwa ya muda mfupi zaidi. Mabadiliko hayo pia yanataka Mwanasheria Mkuu aunganishwe katika kesi. Asipounganishwa, shauri huharibika.

Kesi hufunguliwa Mahakama Kuu, katika masijala ya eneo ambako madai yalitokea.

Mfano wa Tura

Tura ni kata ya Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora. Zamani ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani na kuvuka pori la Mgunda Mkali kuingia Unyamwezi. Leo iko kando ya Reli ya Kati. Mtu aliyeumizwa katika zahanati ya serikali kwenye kata kama hiyo huidai Halmashauri ya Wilaya ya Uyui, kwa kuwa zahanati za umma ziko chini ya halmashauri. Akiumizwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete mjini Tabora, mhusika ni Wizara ya Afya. Katika hali zote mbili, kesi hufunguliwa Mahakama Kuu mjini Tabora.

Ikiwa madhara yalitokea tarehe 10 Machi 2024, miaka 3 huisha Machi 2027. Ili siku 90 ziishe ndani ya kipindi hicho, notisi inapaswa kuwa imepokelewa mwanzoni mwa Desemba 2026. Hospitali ya dini, kama ile ya Nkinga wilayani Igunga, si ya serikali. Kwa hiyo notisi ya siku 90 haihitajiki, lakini miaka 3 inabaki ileile.

Hali zinazobadilisha hesabu

* Mtoto: muda hauanzi kuhesabiwa mpaka afikishe miaka 18. Mtoto aliyeumizwa wakati wa kuzaliwa anaweza kudai hadi atimize miaka 21. Madai ya mama yake mwenyewe huendelea kuhesabiwa tangu siku ya tukio.
* Mtu asiye na akili timamu: muda husubiri mpaka hali hiyo ikome.
* Udanganyifu: ukweli ukifichwa kwa hila, muda huanza siku mdai alipougundua au alipoweza kuugundua kwa juhudi za kawaida.
* Waziri mwenye dhamana ya sheria: akishauriana na Mwanasheria Mkuu, anaweza kuongeza muda usiozidi nusu ya ule wa kisheria, yaani miezi 18 kwa madai haya. Mahakama yenyewe haina uwezo wa kuongeza muda wa kufungua kesi ya madai.

Malalamiko kwa baraza la taaluma

Mgonjwa anaweza pia kumlalamikia daktari kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, au muuguzi kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza hayo hushughulikia nidhamu na leseni. Kupeleka malalamiko huko si kufungua kesi ya fidia, na anayesubiri uamuzi wa baraza anaweza kukuta miaka 3 imekwisha.

Nchi nyingine

Kenya ina muda mfupi zaidi: miezi 12 kwa madai ya aina hii dhidi ya serikali. Uganda ni miaka 2. Nchini Uingereza ni miaka 3, lakini huweza kuhesabiwa tangu mgonjwa alipojua kwamba aliumizwa. Serikali kuu ya Marekani hudaiwa kwanza kwa maandishi katika idara husika, ndani ya miaka 2.

Hoja zinazotolewa

Wanaotetea ukomo husema kwamba mashahidi huhama, kumbukumbu za wagonjwa hupotea, na watumishi hawawezi kuishi na hofu ya kesi bila mwisho. Wanaoupinga husema kwamba mgonjwa wa kijijini huchelewa kujua chanzo cha madhara, kupata nakala za matibabu yake na kumfikia wakili, ambaye mara nyingi yuko mjini.