Sukuma Kulia, Uende Kulia

Siku moja niliuliza swali kijiweni, pale bodaboda wanaposubiri abiria chini ya mwembe. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ukitaka kwenda kulia, usukani unaufanyaje? Jibu lilikuja kwa pamoja, na kicheko juu yake: unaukata kulia, kwani kuna namna nyingine? Hawa ni watu wanaoshinda juu ya pikipiki kuanzia alfajiri hadi usiku. Wote walikosea jibu, na wote walikuwa wamelifanya sahihi mara mia asubuhi hiyohiyo bila kujijua.

Hawako peke yao. Wilbur Wright wa Dayton, Ohio, aliyekuwa fundi baiskeli kabla yeye na mdogo wake Orville hawajarusha ndege mwaka 1903, alikuwa na tabia ya kuwauliza waendesha baiskeli swali kama hilo, nao walimjibu kama vijana wa kijiweni. Wright alikuwa ameshagundua kwamba anayetaka kwenda kushoto huanza kwa kuupeleka usukani kulia, kidogo mno kiasi cha mwenyewe kutotambua.

Ukitaka kuelewa sababu, chukua mti wa ufagio uusimamishe kiganjani, kama watoto wanavyocheza. Sasa jaribu kutembea nao kuelekea kulia. Ukipeleka kiganja kulia moja kwa moja, ufagio utaangukia kushoto. Inabidi kiganja kijongee kwanza kushoto, ufagio ulalie kulia, halafu uufuate. Pikipiki ni ufagio huo, na tairi zake ndizo kiganja. Ukisukuma mbele mpini wa kulia wa usukani, gurudumu la mbele linatazama kushoto kwa sehemu ndogo ya sekunde. Tairi zinachomoka kuelekea kushoto chini ya uzito wako, pikipiki inalala kulia, kisha gurudumu lenyewe linageuka kulia na kona inaanza. Kwa hiyo unasukuma kulia ili uende kulia. Ni pale tu pikipiki inapotambaa kama mtu anayetembea kwa miguu ndipo tunapougeuza usukani kule tunakotaka kwenda, kama wa baiskeli ya mtoto yenye magurudumu matatu.

Wapo watakaobisha kwamba wao hukata kona kwa kiuno. Mkufunzi wa Marekani, Keith Code, alichoshwa na ubishi huo akatengeneza pikipiki yenye usukani wa pili uliofungwa moja kwa moja kwenye fremu, usiogeuka hata kidogo, na mafuta yanavutwa hukohuko. Aliyeshika usukani huo hubaki na mwili wake tu. Wanaoijaribu hujinyonganyonga juu ya siti, na pikipiki huendelea mbele, ikiyumba kidogo tu kwa uvivu. Kiuno kinasaidia, ila hakiwezi kukuokoa kwenye dharura.

Na dharura haikupi muda. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza papo hapo zilipotokea huko Los Angeles, pamoja na ripoti 3,600 za polisi. Waliona kwamba tangu hatari inapoanza hadi mgongano, dereva huwa na kitu kama sekunde 2, mara nyingi pungufu. Mara nyingi aliyekosea alikuwa mwenye gari, aliyeikatia pikipiki njia kwenye makutano. Kule gari hilo hukata kushoto. Kwetu tunaopita kushoto ni lile linalotoka mbele yako na kukata kulia ghafla, kana kwamba hukuwepo. Lakini kilichonishtua zaidi ni habari ya mikono ya madereva. Wengi walibana breki ya nyuma hadi tairi likaserereka, ya mbele hawakuitumia vya kutosha, na kukwepa kwa kusukuma usukani ni kama hakukuwepo kabisa. Asilimia 92 walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Sisi wengine tumejifunza kwa nani?

Kwa nini mkono unaojua kazi siku zote usahau siku ya hatari? Kwa sababu unajua bila mwenyewe kujua. Kwenye kona ya kila siku unasukuma taratibu, na mwili unajifanyia. Ukishtuka, akili inanyang'anya usukani na kufanya inachoamini: gari liko kushoto, basi geuza usukani kulia. Ukiugeuza kulia kwa nguvu katika kasi hiyo, pikipiki inalala kushoto na kukupeleka kwenye gari lilelile ulilokuwa unalikimbia. Nimesimuliwa ajali za namna hiyo mara nyingi, na msimuliaji humaliza kwa kusema pikipiki “ilivutwa”.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba kukwepa ndiyo dawa ya kila kitu. Tupige hesabu. Kwenye lami kavu, pikipiki yenye breki nzuri na mtu anayejua kuzitumia inaweza kupunguza kasi kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Kutoka kilomita 40 kwa saa itasimama ndani ya mita 9 hivi. Kutoka 60, mita 20. Kutoka 80, mita 35. Kuhama mita 2 kwenda pembeni, ukiilaza pikipiki nyuzi 27 hivi, kunachukua takriban sekunde 1.3. Hizo ni mita 14 ukiwa kwenye 40, mita 22 kwenye 60 na mita 29 kwenye 80. Umbali wa breki unapanda kwa mraba wa kasi, wa kukwepa unapanda sawa na kasi yenyewe. Kwa hiyo katika mwendo wa mtaani mwenye breki nzuri ana nafasi kubwa zaidi kwa kufunga breki, na kwenye barabara kuu mambo yanageuka. Kwa shimo au jiwe, ambapo nusu mita inatosha, kukwepa kunaweza kushinda hata kwenye mwendo mdogo. Ila tazama kioo kwanza, maana huku kwetu pembeni yako daima kuna daladala au bajaji inayotaka nafasi hiyohiyo.

Usichoweza kufanya ni vyote viwili kwa nguvu zote. Tairi lina akiba moja ya msuguano, na breki na kona zote zinachota humo. Uchotaji wake hata hivyo unafuata kanuni ya Pythagoras: ukitumia asilimia 80 ya akiba kwa breki, zinakubakia 60 za kukata kona, si 20 kama ungedhani. Ukitumia 100, hubakiwi na kitu. Mtu aliyeshtuka huzitumia zote 100. Ndiyo maana wakufunzi husema funga breki kisha achia ukwepe, au kwepa kisha inyooshe pikipiki ndipo ufunge breki. Kwenye mchanga, kwenye lami iliyotoka kulowa au kwa tairi kipara, akiba yenyewe imeshapungua kabla hujaanza.

Nchini Uingereza, tangu 2009, anayetaka leseni ya pikipiki lazima aonyeshe kukwepa kizuizi akiwa angalau kwenye kilomita 50 kwa saa, ndani ya uwanja uliofungwa. Mimi nilianza na 25, Jumapili asubuhi, kwenye eneo la maegesho lisilo na gari, nikiwa na kofia, glavu na koti zito, na chupa za maji nilizozijaza mchanga. Kwanza nilikwenda mstari mnyoofu, viganja wazi, nikisukuma mpini kwa upole, kulia, kushoto, hadi nikauamini. Kisha chupa. Kukwepa ni misukumo miwili: wa kwanza wa kutoka, wa pili upande wa pili ili kurudi kwenye mstari, na huo wa pili ndio unaosahaulika. Magoti yanabana tangi, kiwiliwili kinabaki wima, pikipiki inalala chini yako, mafuta hayaongezwi wala hayaachiwi ghafla. Mwisho rafiki yangu alisimama mbali mbele, pembeni kabisa ya njia yangu, akawa anainua mkono wa kulia au wa kushoto dakika ya mwisho ili nisijue mapema ninakwenda wapi.

Na abiria je? Gunia la mahindi lina adabu: halijiinamishi upande usiotakiwa. Abiria aliyeshtuka hujiinamisha, na mishikaki, abiria wawili nyuma, hujiinamisha kila mmoja kivyake. Sijajaribu na abiria, na sitajaribu kabla sijaweza 50 nikiwa peke yangu.

Kati ya chupa zangu, ya tatu ndiyo niliyoigonga mara nyingi kuliko zote. Ilikuwa imewekwa sawa na nyingine, kwa umbali uleule. Tofauti ni kwamba ilikuwa na kifuniko chekundu, na macho yangu yalikuwa hayabanduki hapo. Rafiki yangu alikibandua kile kifuniko akakitia mfukoni, akaniambia nitazame miguu yake.