Mpima Ardhi na Mto Kagera

Mtu wa Nyantakara akisafiri kwenda magharibi, akaipita nchi ya Ngara, hatimaye hufika Rusumo, mahali mto Kagera uangukapo kwa kishindo. Ng'ambo ni Rwanda. Wasikilizaji wengi hudhani kwamba mpaka huo uliumbwa pamoja na mto. Sivyo, kwanza uliwekwa mahali pengine.

Zamani za Wadachi pande zote mbili zilikuwa chini ya serikali moja. Baada ya vita, tarehe 30 Mei 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walipatana kuigawa nchi. Waingereza walitaka njia ya reli kutoka kusini ya Afrika hata Misri, nao waliona kwamba nchi iliyo magharibi ya Kagera yafaa. Basi mstari ukapigwa mbali ng'ambo ya mto, na Gisaka ikakatwa kutoka Rwanda. Mwami Musinga alinung'unika sana, kwa kuwa alipoteza watu na malisho. Shirika la Mataifa likataka shauri liangaliwe upya, na mwisho wa mwaka 1923 Gisaka ikarudishwa. Reli yenyewe haikujengwa kamwe!

Maneno ya mkataba hayaonekani juu ya ardhi, kwa hiyo huitwa mpimaji. Mtoni, mara nyingi hufuata mkondo mkuu, si ukingo, maana ukingo huliwa na maji kila masika. Katika nchi kavu hupanda vilele na darubini yake ya kupimia pembe. Akiisha kupima upande mmoja wa pembetatu kwa mnyororo, pembe humpatia pande nyingine bila ya kuzikanyaga. (Mwanafunzi aliyechoshwa na pembetatu na ayakumbuke hayo.) Kisha penye mpaka husimamisha nguzo.

Lakini darubini haiulizi ng'ombe hunywa wapi. Bugufi, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Urundi, ilibaki Tanganyika, na ndugu wakawa wakilipa kodi kwa serikali mbili.

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara. Magharibi ya mkondo walikuwa raia wenye hofu. Mashariki yake walikuwa wakimbizi, chini ya sheria ya nchi nyingine. Katikati hapakuwa na ukuta wala nguzo, ila maji yaendayo kasi na daraja juu yake.